Bangi, Mipaka na Mzigo wa Kutumwa





Katika miezi ya karibuni tumeulizwa swali moja na watu wa rika na hali mbalimbali: kijana aliyepata nafasi ya masomo Kanada, mama anayejiandaa kwenda kumwona bintiye Ujerumani, mzee aliyesikia kwamba mafuta ya bangi hutuliza maumivu ya viungo. Kila mmoja kwa maneno yake anataka kujua kama ni kweli kwamba siku hizi bangi imeruhusiwa. Sisi huwajibu kwa swali, na wengine hawalipendi: imeruhusiwa wapi, kwa nani, na mpaka kwenye mlango upi? Sheria ya nchi moja haipandi ndege pamoja na msafiri. Akishuka upande wa pili anakutana na sheria nyingine, na hiyo haitamuuliza kule alikotoka alizoea nini.

Tuanze na Kanada, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Tangu tarehe 17 Oktoba 2018, mtu mzima nchini humo anaweza kutembea hadharani na bangi kavu isiyozidi gramu 30, na anaweza hata kupanda nayo ndege ya ndani, kutoka Toronto hadi Vancouver. Vijana wetu wanayafahamu hayo vizuri. Wasichokifahamu ni kwamba sheria hiyohiyo ya Kanada inamkataza mtu kuvuka mpaka na bangi, akitoka au akiingia, iwe kidogo kiasi gani, hata kama ni dawa aliyoandikiwa na daktari, na hata kama anakwenda katika jimbo la Marekani ambalo nalo limeiruhusu. Kwa hiyo kijana anayerudi nyumbani likizo kutoka Toronto kwa kupitia Addis Ababa, akiwa na pakiti aliyoinunua dukani kwa risiti halali, anavunja sheria ya Kanada anapoondoka, anaingia chini ya sheria ya Ethiopia anapobadilisha ndege, kisha anafika Dar es Salaam au Nairobi kukutana na sheria ya tatu. Risiti yake haitamsaidia kitu. Itathibitisha tu kwamba alijua alichokibeba.

Ujerumani ni vivyo hivyo. Tangu tarehe 1 Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa kuwa na gramu 25 nje ya nyumba yake, lakini kuivusha mpakani ni marufuku kama zamani.

Kwa nini nchi zilizolegeza sheria ndani hazikulegeza mipakani? Sababu yake ni ya zamani kidogo. Mwaka 1961 mataifa yalitia saini Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu dawa za kulevya, na bangi imo ndani yake. Mkataba huo unataka dawa zilizotajwa zitumike kwa tiba na utafiti tu, na kila shehena inayotoka nchi moja kwenda nyingine iwe na kibali cha serikali zote mbili. Mwezi Desemba 2020 wajumbe wa Tume ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa hizo walipiga kura, 27 dhidi ya 25, kuiondoa bangi katika jedwali la dawa zinazohesabiwa kuwa hatari kupita zote. Habari hiyo ilipotufikia huku kwetu, wengi waliipokea kana kwamba bangi imekombolewa. Sivyo ilivyokuwa. Bangi ilibaki katika jedwali la kwanza la mkataba uleule, pamoja na masharti yake yote ya mipakani.

Marekani tunaomba isomwe kwa makini zaidi, hasa na ndugu zetu Wakongo, Warundi, Wakenya na Watanzania wanaoishi huko na ambao bado hawajapata uraia. Majimbo ya Colorado na Washington yalipiga kura kuruhusu bangi mwaka 2012, na mengine mengi yakafuata. Hata hivyo, masuala ya mipaka, viza, ukaazi na uraia hayako mikononi mwa majimbo. Yako mikononi mwa serikali kuu ya shirikisho, na kwa sheria ya serikali hiyo kununua bangi dukani, au kufanya kazi katika duka hilo, kunaweza kuhesabiwa dhidi ya mwombaji. Mwezi Aprili 2019 idara ya uraia na uhamiaji ya nchi hiyo ilitoa mwongozo ulioeleza wazi kwamba shughuli za bangi zinaweza kumkosesha mtu sifa ya mwenendo mwema inayodaiwa kwa mwombaji wa uraia, hata kama jimbo lake linaziruhusu. Mtu aliyekaa kambini Nyarugusu miaka 15 akingoja kupelekwa nchi ya tatu, kisha akapata kazi ya kufungasha majani hayo kwa mshahara mzuri, anaweza kuipoteza njia aliyoingoja muda wote huo bila kuvuta hata mara moja. Mwenzake aliyezaliwa huko anafanya kazi ileile bila wasiwasi. Tunaliona jambo hilo kuwa la uonevu, na hatuoni sababu ya kulificha. Lakini anayeishi chini yake anapaswa kulijua kabla ya kulilalamikia.

Wala tusidhani kwamba mambo haya ni ya ng'ambo tu. Mfano mzuri kuliko yote tunao hapa nyumbani, ingawa si wa bangi. Miraa ya Meru ni zao halali nchini Kenya. Hulimwa, huuzwa na husafirishwa mchana kweupe. Fungu lilelile likivuka Namanga au Holili linaitwa mirungi, na katika sheria ya Tanzania ni dawa ya kulevya inayotajwa pamoja na bangi. Nayo Uingereza, iliyokuwa ikiipokea miraa kwa ndege kwa miaka mingi, iliipiga marufuku mwezi Juni 2014. Tangu hapo aliyeipeleka London alihesabiwa mhalifu kwa bidhaa ileile iliyokuwa halali mwezi uliotangulia.

Kwa upande wa bangi, nchi zetu hazijalegeza. Kenya inashika sheria yake ya mwaka 1994 na marekebisho yake. Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 2015, iliyounda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na Zanzibar ina sheria na mamlaka yake. Rwanda iliruhusu mwaka 2021 kilimo cha bangi kwa ajili ya dawa za kuuza nje, kwa leseni, lakini kuivuta kumebaki kosa. Wapo waliosikia nusu ya kwanza tu ya habari hiyo.

Hapa tusimame kidogo kwenye neno moja. Magazeti yetu huandika kila mara kwamba fulani amehukumiwa miaka 30 jela kwa "kusafirisha" bangi. Msomaji wa kawaida huwaza lori, au begi lililofichwa chini ya kiti cha basi. Katika sheria neno hilo lina tumbo kubwa zaidi: ndani yake mnaingia kununua, kuuza, kutoa, kuhifadhi, kumiliki na kupeleka. Anayekubali kuwekewa mfuko chumbani na rafiki "mpaka kesho" anaweza kujikuta akishtakiwa kwa kusafirisha ilhali hajatoka nje ya kijiji chake. Tunadhani lugha yetu imewaponza watu wengi hapa, na tungefurahi kama mawakili waliomo katika jumuiya zetu ndogondogo wangetenga jioni moja kuwaeleza vijana neno hili tu.

Twende sasa kwa wagonjwa, maana wao ndio wanaotusikitisha zaidi. Katekisimu yetu, namba 2291, inapolaani matumizi ya dawa za kulevya inatenga kabisa yale yanayofanywa kwa ajili ya tiba. Mgonjwa wa saratani aliyeandikiwa mafuta ya bangi na daktari wake huko aliko hana hatia mbele yetu. Hatari yake ni kwamba cheti cha daktari mara nyingi hakivuki mpaka. Mchezaji mashuhuri wa mpira wa kikapu wa Marekani, Brittney Griner, alikamatwa katika uwanja wa ndege wa Moscow mwezi Februari 2022 akiwa na mafuta ya bangi yasiyofika gramu moja. Alikuwa na barua ya daktari wa Arizona. Aliieleza mahakama kwamba alifungasha mizigo yake kwa haraka na hakukusudia kuvunja sheria. Mwezi Agosti alihukumiwa miaka tisa. Aliachiliwa Desemba mwaka huohuo kwa sababu serikali yake ilimtoa mfungwa mzito katika kubadilishana. Ni nani atakayebadilishwa kwa ajili ya mtoto wa Sumbawanga au wa Kitui?

Yapo pia mafuta, peremende na krimu za CBD, kiini cha bangi kisicholevya, ambazo katika maduka ya Ulaya hupangwa karibu na vitamini. Dada anamnunulia mama yake chupa moja kwa ajili ya magoti na kuitia begini. Hong Kong iliiweka CBD katika orodha ya dawa za hatari tarehe 1 Februari 2023: kuiingiza kunaweza kumfunga mtu maisha, na kuwa nayo tu, miaka saba. Falme za Kiarabu, ambako ndugu zetu wengi hupita au hufanya kazi, zililegeza baadhi ya adhabu kwa sheria ya mwaka 2021, lakini bangi imebaki marufuku, na kinachokutwa katika mkojo au damu humtia mtu hatiani kama kilichokutwa mfukoni. Mwaka 2008 iliripotiwa duniani kote habari ya abiria aliyekuwa akipitia Dubai kutoka Ethiopia, akahukumiwa miaka minne kwa punje ya bangi ya gramu 0.003 iliyonata chini ya kiatu chake. Singapore nayo, anayepatikana na hatia ya kusafirisha zaidi ya gramu 500 hukabiliwa na kitanzi. Mwezi Aprili 2023 mtu mmoja alinyongwa huko katika kesi ya takriban kilo moja.

Mgonjwa afanye nini basi? Aulize mapema, kwa maandishi, ubalozi wa nchi aendako na wa kila nchi atakayobadilishia ndege, na mamlaka ya dawa ya nchi anayofikia. Asipopata jibu la maandishi, dawa hiyo aiache, amwombe daktari nyingine kwa muda wa safari. Na asitegemee alichosoma mwaka jana. Thailand iliiondoa bangi katika orodha ya dawa za kulevya mwezi Juni 2022, maduka yakafunguliwa kila kona. Mwezi Juni 2025 ikarudisha sharti la cheti cha daktari kwa anayenunua maua yake.

Tumeacha mwisho jambo linalotugusa karibu zaidi, nalo ni mzigo wa kutumwa. Sisi ni watu wa kutumana. Mtu akisafiri hukabidhiwa unga wa muhogo, dagaa, dawa za mitishamba, bahasha ya shangazi, na kukataa huonekana kiburi. Desturi hii tunaipenda, tena imelea wengi ugenini. Lakini afisa wa forodha hana kipimo cha upendo. Begi likiwa na jina lako ni lako, na kazi ya kueleza kwamba hukujua kilichomo itakuwa yako, kwa lugha usiyoijua, mbele ya hakimu asiyemjua shangazi. Tunapendekeza bila aibu kwamba kila kifurushi kifunguliwe mbele ya aliyekileta, kabla ya safari, na asiyetaka kifunguliwe akichukue arudi nacho. Anayeudhika atapoa.

Padre John Wotherspoon, Mwoblate kutoka Australia aliyewahudumia wafungwa huko Hong Kong, aliwakuta magerezani vijana wengi wa Kitanzania. Kesi zao hazikuwa za bangi, zilikuwa za dawa nzito zaidi. Kuanzia mwaka 2013 aliwahimiza waandike barua kwa mikono yao kuwaonya wenzao nyumbani, naye akazisambaza kwa mtandao. Waliandika walivyoahidiwa fedha na walivyokutana na geti la gereza. Tunaamini barua hizo zilifanya kazi ambayo mahubiri yetu hayajaifanya, kwa sababu ziliandikwa na waliomo ndani.

Wapo watakaosema kwamba tumetumia nafasi hii yote kuwatisha watu ilhali tungepaswa kujadili kama sheria zenyewe ni za haki. Mjadala huo upo na ni halali. Miaka 30 kwa majani ni adhabu ambayo hata sisi tunaitazama kwa mashaka. Lakini pa kuufanyia ni bungeni, mahakamani na katika mikutano ya raia. Mbele ya mashine ya kukagua mizigo, msafiri ameshachelewa.

Na kwa familia ambayo tayari ina mtu aliyekamatwa ugenini: Ibara ya 36 ya Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 kuhusu uhusiano wa kikonseli inampa haki ya kuomba ubalozi wa nchi yake ujulishwe, na maafisa wa ubalozi wana haki ya kumtembelea na kumsaidia kupata wakili. Piga simu wizara ya mambo ya nje siku hiyohiyo, ukiwa na namba ya pasipoti yake na jina la mji. Kisha pita ofisi ya parokia. Mara nyingi tunaweza kumpata padre anayehudumu katika gereza la huko, na barua ya mama ikapelekwa kwa mkono.