Meli za watalii: Mwananchi azitazame wapi?

MKAZI wa Lisekese, Masasi, anayetaka kuiona meli kubwa husafiri takriban kilomita 200 hadi Mtwara, akaishia kwenye uzio wa bandari. Akitoa kamera hapo anajitafutia balaa: Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inakataza kupiga picha maeneo yanayolindwa.

Nafuu yake ni ufuko wa Shangani, au kwenye kivuko cha Msangamkuu, ambako meli zote, hata zile chache za watalii, hupita zikiingia ghubani. Mombasa walilitambua hitaji hili. Mwaka 2019 waliikarabati bustani ya Mama Ngina, inayotazamana na mkondo wa Kilindini. Mtwara haihitaji mamilioni. Mabenchi machache Shangani, na kibao kinachoonyesha picha zinaruhusiwa wapi, vingetosha kuanzia.