Barua ya wazi kwa Waziri wa Jinsia, Utamaduni na Huduma za Watoto: Makao ya watoto si kituo cha utalii

Mheshimiwa Waziri,

Nakuandikia kutoka Ukunda, Kaunti ya Kwale, mwendo mfupi tu kutoka hoteli za Diani. Kila msimu wa watalii, makao ya watoto ya huku Pwani hupokea vijana wa Ulaya na Marekani wanaokuja kujitolea. Wengine hukaa wiki mbili, wengine mwezi. Hulisha watoto wachanga, hufundisha wakubwa Kiingereza, hupiga nao picha, kisha huabiri ndege na nafasi yao ikachukuliwa na wengine. Mtoto aliyeanza kumzoea mmoja hulazimika kuanza upya na mwingine. Naomba Wizara yako iipige marufuku kazi hii ya muda mfupi katika makao ya watoto, na iiwekee masharti makali ile inayofanyika shuleni.

Serikali yenyewe imeshakubali kwamba mtoto hulelewa vyema na familia. Novemba 2017 ilisimamisha usajili wa makao mapya. Mwaka 2022 ilikuja Sheria ya Watoto, inayotambua hata kafala, malezi ya Kiislamu tuliyoyajua Pwani tangu zamani. Mwaka huo huo ukazinduliwa mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi, wa 2022 hadi 2032, wenye shabaha ya kuwarudisha watoto kwao. Lakini mwenye makao ambaye riziki yake inategemea wageni wanaokuja kuona mayatima, atakuwa na haraka gani ya kumrudisha mtoto kwa nyanyake Lunga Lunga? Akipunguza watoto, amepunguza mapato.

Tena wengi wao si mayatima. Mwaka 2009 shirika la Save the Children lilieleza kwamba, duniani kote, angalau watoto wanne kati ya kila watano walio katika makao wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Mara nyingi kinachomtoa mtoto nyumbani ni umaskini: karo, njaa, maradhi ya mama. Kupitia Inua Jamii, serikali huipa familia ya namna hiyo shilingi 2,000 kwa mwezi. Mgeni humlipa wakala wake mara kadhaa ya kiasi hicho kwa wiki moja ya kujitolea. Pesa za kumweka mtoto huyo kwao zipo, ila zinapita njia nyingine.

Kuna pia suala la usalama. Machi 2016 mahakama ya Oklahoma, Marekani, ilimhukumu kijana mmoja kifungo cha miaka 40 kwa kuwadhulumu kingono watoto wa makao yaliyo karibu na Nairobi. Alikuwa amekuja kujitolea mara kadhaa tangu 2012, na safari ya mwisho aliomba kulala humo humo na watoto, akakubaliwa. Mwaka 2021 Mmarekani mwingine, aliyeanzisha makao huko Bomet, alifungwa kwao zaidi ya miaka 15 kwa makosa ya aina hiyo. Wote wawili walihukumiwa ng'ambo. Watu husema dawa ni cheti cha maadili mema kutoka kwa polisi. Cheti ni lazima, lakini hakitoshi: kijana asiyewahi kushtakiwa popote atakipata bila shida. Kinachomlinda mtoto ni kanuni kwamba mgeni halali katika makao na habaki peke yake na mtoto, awe na cheti au hana.

Shuleni nako sheria ipo na haifuatwi. Tume ya Huduma za Walimu, TSC, hairuhusu mtu kufundisha bila kusajiliwa, na usajili huo wenyewe hudai cheti cha polisi. Vijana wetu waliohitimu ualimu wanasubiri ajira miaka nenda miaka rudi. Hata hivyo mgeni aliyemaliza shule ya upili mwaka jana, na aliyeingia nchini kama mtalii, hukabidhiwa chaki na darasa zima. Mkenya wa elimu hiyo hiyo angefukuzwa langoni.

Najua utaambiwa kwamba tukiwafungia wageni mlango, misaada itakauka na watoto watalala njaa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na wapo wageni wanaotuponya: muuguzi anayekaa mwaka mzima akiwafunza wauguzi wetu, mhandisi anayechimba kisima na fundi wa kijijini. Hao hawahitaji kumbeba mtoto wa mtu ili wafanye kazi yao. Mfadhili wa kweli ataendelea kutoa hata pesa zake zikienda kwa nyanya wa mtoto badala ya makao. Asiyekubali hivyo alikuwa akinunua ziara.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, nakuomba mambo manne. Toa waraka unaokataza wageni wa kujitolea kwa muda mfupi kuwahudumia watoto makaoni. Kubaliana na Idara ya Uhamiaji kwamba aliyeingia kama mtalii hafanyi kazi yoyote na watoto. Kubaliana na TSC kwamba mgeni shuleni humsaidia mwalimu, hashiki nafasi yake. Na uchapishe, kaunti kwa kaunti, orodha ya makao yaliyosajiliwa, ili hoteli na waongozaji wa watalii wasipate kisingizio.

Haya si mageni duniani. Desemba 2019 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio linalozitaka nchi zichukue hatua dhidi ya utalii na kujitolea katika makao ya mayatima. Mkakati wetu unafikia kikomo 2032. Waraka utoke kabla ya msimu ujao wa watalii.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu, Ukunda