Nyongeza Si Wizi, Lakini Ina Adabu Zake

Wako vijana huko Ulaya, Marekani na kwengineko ambao hukesha mbele ya kompyuta wakitengeneza sura na miendo ya wanyama waliotoweka duniani mamilioni ya miaka iliyopita. Hawakuajiriwa na mtu, wala aghalabu hawalipwi. Wamalizapo kazi, huitoa bure ili kila aupendaye mchezo wa dinosaria amtie mnyama huyo katika mchezo wake. Wenyewe huiita kazi hiyo modi. Sisi tutaiita nyongeza, maana ndivyo ilivyo.

Wazee wengi wakisikia habari hizi husema ni upuzi wa watoto. Nao baadhi ya wenye makampuni hunung'unika kwamba ni kuingilia mali ya watu. Twaona pande zote mbili zimekosea, na yafaa tueleze kwa nini.

Kwanza msomaji aelewe mambo yanavyokwenda. Mwaka 2003 kampuni ya Blue Tongue ya mjini Melbourne, Australia, ilitunga mchezo uitwao Jurassic Park: Operation Genesis. Mchezaji hujenga bustani, akatia nyua, akafuga dinosaria na kupokea wageni. Aina za dinosaria zilikuwa 25 basi. Kampuni hiyo ilifungwa mwaka 2011, na mchezo ungalizikwa pamoja nayo. Lakini mashabiki walikwisha kuyafungua majalada yake, wakabadili ngozi na maumbo, wakawakalisha wanyama wengine mahali pa wale wa awali. Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa Zoo Tycoon, mchezo wa bustani ya wanyama uliotoka mwaka 2001. Watungaji wake, Blue Fang, nao walifunga milango mwaka 2011, na mashabiki wakabaki wakiutungia wanyama.

Asidhani mtu kwamba kazi hii ni ya kubofya kidude mara moja. Fundi huanza na mifupa. Husoma maandishi ya wataalamu, akapima paja na shingo, ndipo akaunda mwili ndani ya kompyuta. Kisha humtia mnyama viungo, akampaka rangi, akamfunza kutembea, kula, kulala na kulia. Mguu mmoja ukikosewa, mnyama huteleza kama aliyekanyaga ganda la ndizi. Kazi ya mnyama mmoja yaweza kula miezi.

Na faida yake ni nini? Jawabu ni kwamba aghalabu nyongeza hizi huwa karibu na ukweli kuliko mchezo wenyewe. Chukua mfano wa Velociraptor. Filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 ilimwonyesha ana kimo cha mtu na ngozi tupu ya mjusi. Mnyama wa kweli, ambaye mifupa yake imefukuliwa Mongolia, alikuwa na ukubwa wa bata mzinga, na mwaka 2007 wataalamu walitangaza kuwa wameona katika mfupa wa mkono wake vinundu vinavyoshika manyoya. Chukua na Spinosaurus, aliyepewa jina na Ernst Stromer mwaka 1915 kwa mifupa iliyotoka Misri. Mifupa hiyo iliteketea kwa mabomu mjini Munich mwaka 1944. Mwaka 2020 wataalamu walieleza mkia wake uliopatikana Moroko, nao ni mpana kama kafi. Basi mnyama yule yule amebadilika sura machoni mwa watu.

Elimu yaenda, na mchezo uliokwisha kuuzwa wasimama. Kampuni iliyofungwa na filamu huogopa kumgusa mnyama ambaye wanunuzi wamemzoea. Shabiki hana cha kuogopa, kwa kuwa hana dukani kitu cha kudoda. Ndiye amvishaye Velociraptor manyoya, na ndiye ampaye Spinosaurus mkia wake.

Kwa mtu wa pwani aliyelelewa na mashairi, jambo hili halina ugeni. Tuna bahari ya takhmisi. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alizichukua beti za Liyongo, akatia mishororo mitatu yake mbele ya miwili ya mwenyewe, ukawa utungo wa mitano. Je, yuko aliyemwita mwizi? Hayuko, kwa sababu utungo huo wajulikana hadi leo kuwa ni Takhmisi ya Liyongo. Jina la mwenye asili halikufutwa, na maneno yake hayakuvurugwa. Aliyeongeza alionyesha umahiri wake palipo wazi, penye kupimwa na kila mwenye sikio.

Hapo ndipo tunapowashika mkono hao vijana wa nyongeza, na hapo hapo ndipo tunapowaonya. Kuongeza si kuiba, lakini kuna adabu zake. Ya kwanza ni kumtaja uliyejenga juu ya kazi yake, awe kampuni kubwa au kijana mwenzio. Ya pili ni kutochukua mnyama wa mwenzio, ukambadili rangi, ukamtangaza kuwa ni wako. Huo ni wizi, hata kama hukupokea senti. Ya tatu ni kueleza lipi lajulikana na lipi umelikisia. Mifupa husema mengi, lakini rangi na sauti za wengi wa wanyama hawa hatuzijui. Anayekisia na akasema kuwa amekisia hana lawama.

Makampuni nayo yana wajibu. Studio Wildcard ya Marekani, yenye mchezo wa ARK: Survival Evolved ulioanza kuchezwa mwaka 2015, iliwapa mashabiki zana za kutengenezea nyongeza. Mwaka 2016 iliikubali rasmi nchi nzima iliyobuniwa na shabiki, iitwayo The Center. Katika toleo jipya lililotoka mwaka 2023, baadhi ya nyongeza zaruhusiwa kuuzwa. Hatuoni ubaya mtu kula jasho lake. Lakini fedha iingiapo, tamaa nayo hubisha hodi, na zile adabu tatu zitahitajiwa zaidi. Nayo kampuni inayoneemeka kwa kazi ya shabiki haina udhuru wa kulificha jina lake.

Tunalishikilia sana suala la majina kwa sababu latugusa. Kati ya mwaka 1909 na 1913 Wajerumani walichimba kilima cha Tendaguru, bara ya Lindi, Tanzania ya leo. Zaidi ya tani 200 za mifupa zilipelekwa Berlin, baada ya kubebwa vichwani na mabegani mwa wenyeji hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa majitu hayo amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13. Kwa miaka mingi aliitwa Brachiosaurus, jina lililotolewa mwaka 1903 kwa mnyama wa Marekani, na picha nyingi za Brachiosaurus duniani zilichorwa kwa kufuata mifupa ya Tendaguru. Wataalamu sasa humwita Giraffatitan. Basi mtoto wa Mombasa au Lindi achezapo na Brachiosaurus, huenda anacheza na mnyama wa kwao bila ya kujua.

Msimamizi wa wachimbaji wale wa Tendaguru alikuwa Boheti bin Amrani. Ilibidi ifike mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa kilima kile akapewa jina la Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Karibu karne nzima ilipita kabla ya jina la mtu wetu kuwekwa juu ya kazi aliyoisimamia.

Ndipo twasema kwa vijana wetu wenye kompyuta na ujuzi: msikae mkicheza tu na vya watu. Zana zipo, na nyingine hazina bei. Mtengenezeni Giraffatitan kwa jina lake. Mtengenezeni mnyama wa Boheti, mkaandike chini yake ametoka wapi, nani alimchimba, na mmejenga juu ya kazi ya nani. Aliyeanza atajwe, na aliyeongeza naye atajwe. Pakiwa hivyo, hakuna atakayedai kuwa ameibiwa.