Kabla Hujaweka PIN, Jiulize Nani Alianza Kumtafuta Mwenzake

Mmoja wetu hapa kazini alikaribia kuibiwa Jumamosi moja, akiwa kwenye foleni ya kinyozi. Si mtu asiyejua simu. Ni fundi wa tovuti, tena yule ambaye kazi yake ya kila siku ni kutengeneza kurasa ambazo nyinyi hutumia kulipia bidhaa. Alikuwa akisubiri mzigo kutoka Mombasa. Meseji ikaingia: mzigo wako umefika, lipa shilingi 180 za kuhifadhi, bonyeza hapa. Akabonyeza. Ukurasa ukafunguka, rangi ni zile zile, alama ya kampuni ya mizigo iko mahali pake, lugha safi, na pale juu kufuli dogo liko. Ukurasa ukamwomba nambari ya simu, akaweka. Ukamwomba PIN. Akaweka tarakimu tatu.

Ya nne ndiyo ilimshtua. Anasema kidole kilisimama chenyewe, kwa sababu ametengeneza kurasa za malipo miaka yote hii na hajawahi kuweka kisanduku cha PIN hata kwenye moja. Akafunga simu, akabadilisha PIN hapo hapo kabla hata ya kunyolewa. Alifanya vizuri, maana ukurasa wa aina hiyo unaweza kunasa kila tarakimu unapoiandika, hata kama hujabonyeza kitufe cha kutuma.

Jumatatu tulimcheka sana. Halafu tukaacha kucheka, kwa sababu kila mmoja wetu alikiri kwamba kama angekuwa anasubiri mzigo siku hiyo, naye angebonyeza. Ndiyo maana tunaandika haya. Ni maoni yetu sisi tunaotengeneza kurasa, si tangazo la kampuni, na mengine tunabishania hata sisi kwa sisi.

Tuanze na hicho kisanduku cha PIN, kwa sababu watu wengi hawajawahi kuelezwa kwa nini hakifai kuwepo. Unaponunua kitu kwenye tovuti ya duka na ukachagua kulipa kwa simu, duka linatutumia sisi nambari yako na kiasi cha pesa. Basi. Sisi ndio tunatuma kile kidirisha kinachoruka kwenye skrini ya simu yako, kikiandika unamlipa nani na kiasi gani. PIN unaiweka kwenye kidirisha hicho na inakuja kwetu moja kwa moja. Duka haliioni. Linachopata ni jibu tu: amelipa, au hajalipa. Kwa hiyo ukifungua linki halafu ukurasa wa tovuti ukakuomba PIN ya pesa zako, huna haja ya kuchunguza kitu kingine. Huyo ni mwizi.

Lakini kidirisha nacho kina ujanja wake. Mwenye tili yoyote akiwa na nambari yako anaweza kuomba kidirisha kikuruke wewe. Kuna wakora wanaopiga simu na kusema, “Utaona meseji inaomba PIN, weka tu ili tuhakikishe laini yako.” Hakuna kuhakikisha laini hapo. PIN kwenye kidirisha ni sahihi yako kwenye hundi, ukiiweka umelipa. Soma jina na kiasi. Kama hukuagiza kitu, bonyeza ghairi, hata kama aliye kwenye simu anakuita “mteja wetu mpendwa”.

Sasa lile kufuli. Hapa tuna deni kwenu, kwa sababu kwa miaka mingi sisi mafundi ndio tuliowaambia watu watazame kufuli kwenye kivinjari kabla ya kulipa. Lilikuwa shauri lenye nusu ya ukweli. Kufuli linasema tu kwamba mazungumzo kati ya simu yako na tovuti hiyo yamefungwa, hakuna wa kuyachungulia njiani. Ni kama barua kwenye bahasha iliyobandikwa vizuri. Haisemi anayeipokea ni nani wala ana nia gani, na bahasha iliyobandikwa vizuri inaweza kufika vizuri kabisa kwa tapeli.

Zamani kupata kufuli kulikuwa na gharama na makaratasi, kwa hiyo wezi wengi hawakujisumbua. Tangu mwishoni mwa mwaka 2015 kuna huduma iitwayo Let's Encrypt ambayo humpa mwenye tovuti yeyote cheti hicho bure, kwa dakika chache. Tunaishukuru, imefanya intaneti kuwa salama zaidi, na sisi wenyewe tumeitumia. Lakini mwizi naye anaitumia. Mwaka 2023 Google waliondoa alama ya kufuli kwenye Chrome, na mojawapo ya sababu walizotoa ni kwamba watu wengi waliielewa visivyo, wakidhani ni alama ya tovuti ya kuaminika. Ukiwa na Chrome ya siku hizi utaona alama nyingine mahali pale. Hujapotelewa na usalama wowote.

Wapo kati yetu wanaosema basi wateja wafundishwe kusoma anwani ya tovuti. Ni kweli kuna namna ya kuisoma: tafuta mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha urudi nyuma kutoka hapo. Jina lililo mara tu kabla ya .co.ke au .com ndilo la mwenye nyumba. Kwa hiyo dukalangu.co.ke ni la Duka Langu, lakini dukalangu.co.ke.zawadi-leo.com ni la huyo anayejiita zawadi-leo, na hilo “dukalangu” la mbele ni pambo tu. Ukiweza kujifunza hili, jifunze. Lakini tuseme ukweli, kwenye simu ndogo anwani hukatwa, nusu yake haionekani, jua linawaka na matatu inaondoka. Fundi wetu anajua kusoma anwani kuliko wengi na hakuisoma. Hatuwezi kujenga usalama wa mamilioni ya watu juu ya macho yasiyochoka.

Kwa hiyo sisi tumebaki na swali moja ambalo tunadhani mtu anaweza kulibeba hata akiwa na haraka: nani alianza? Kama ni wewe uliyefungua programu, ukabonyeza nambari ya huduma uliyozoea, au ukaandika jina la tovuti kwa mkono wako, unajua uko wapi. Kama ni wao walioanza kukutafuta, kwa meseji, kwa simu, kwa linki, hujui, hata kama kila kitu kinafanana. Dawa yake haihitaji utaalamu. Kata simu au acha meseji ilale, halafu anza wewe. Fungua programu mwenyewe na uangalie kama kweli kuna tatizo. Fundi wetu angempigia simu aliyemtumia mzigo na kumuuliza umefika wapi, na habari ingeishia hapo.

Utasema, lakini aliyenipigia alinijua kwa majina yangu matatu. Majina yako si siri. Ukilipa au ukitumiwa pesa kwa simu, jina lako huonekana na mtu wa upande wa pili. Halafu kuna yale madaftari ya getini. Unaingia jengo mjini, mlinzi anakupa daftari, unaandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na saa uliyoingia, huku ukisoma ya watu kumi waliotangulia. Kenya ina Kifungu cha 31 cha Katiba kinacholinda faragha, na tangu 2019 ina Sheria ya Kulinda Data, ambayo inamtaka anayechukua habari zako achukue zile tu anazozihitaji na azitunze. Hata sisi kampuni tuna masharti: data ikivuja na ikawa hatari kwa wateja, Kamishna wa Data anatakiwa kuarifiwa ndani ya saa 72. Sheria nzuri. Daftari nalo bado liko getini, wazi, na kalamu imefungwa kwa uzi.

Jina la mtumaji wa meseji pia halithibitishi kitu. Simu hupanga meseji kwa jina la mtumaji, kwa hiyo meseji ya uongo iliyofaulu kubeba jina la kampuni inaweza kukaa chini ya zile za kweli kama ndugu yao. Wakora wengi hata hawafiki huko, wanatumia nambari ya kawaida tu na kuandika maneno kama yetu. Kwa salio, usiamini meseji. Uliza salio mwenyewe.

Hapo ndipo tunafika kwenye jambo ambalo wateja hutuuliza sana, la pesa zilizotumwa kimakosa, na hapa sheria na usalama vinagongana kidogo.

Wapo wanaosema, pesa zikiingia kwa simu yangu ni zawadi ya Mungu. Hapana. Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 inasema anayeficha au kuzuia kwa makusudi malipo ya kielektroniki yaliyomfikia kimakosa ametenda kosa. Adhabu iliyowekwa ni faini isiyozidi shilingi 200,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Sisi tunaiunga mkono. Mama aliyekosea tarakimu moja na kutuma karo ya mtoto kwa mtu asiyemjua hana kosa la kumfanya apoteze muhula.

Lakini wakora wanaijua sheria hiyo pia, na wanajua Mkenya wa kawaida hataki kesi. Ndiyo maana anakupigia akilia au akitisha polisi, “Nimekutumia 3,500 kimakosa, rudisha sasa hivi.” Mara nyingi hakutuma chochote, ila meseji aliyoichapa mwenyewe. Na kuna mwingine mjanja zaidi, ambaye pesa ametuma kweli. Wewe kwa uungwana unamrudishia kwa mkono wako, na wakati huo huo yeye ameshaiomba kampuni irudishe muamala wa kwanza. Unalipa mara mbili.

Kwa hiyo ushauri wetu ni huu, na hauvunji sheria hata kidogo: angalia salio mwenyewe. Kama pesa zimeingia, usizitumie na usizirudishe kwa mkono wako. Tupigie, tuzirudishe sisi zilikotoka. Mtu wa kweli aliyekosea atakubali, hata kama atanung'unika kwa kucheleweshwa. Mkora ataanza kutukana.

Na ukishaibiwa, sheria inaweza nini? Ile ile ya 2018 inamtaja anayetengeneza tovuti au kutuma ujumbe kwa nia ya kukuhadaa utoe habari zako za siri, na iliweka faini isiyozidi shilingi 300,000, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote. Hatudharau hilo. Lakini pesa zikitoka kwako huweza kuhamishwa laini mbili tatu na kutolewa kwa ajenti wakati wewe bado unaitafuta nambari yetu. Laini nazo mara nyingi zimesajiliwa kwa jina la mtu ambaye hana habari. Piga kwanza kwetu, ndipo uende kituo cha polisi upate nambari ya OB. Wengi hufanya kinyume, au wanaona aibu na kunyamaza mpaka kesho yake. Tunaelewa aibu hiyo. Fundi wetu alisema kama si sisi kumwona amekunja uso asingetuambia.

Kuhusu PIN zenyewe, neno moja tu. Tarakimu nne hutoa michanganyiko 10,000. Ukitumia mwaka wako wa kuzaliwa, mwizi anayejaribu miaka ya 1950 hadi 2009 ana nafasi 60 tu za kupitia, na akiwa ameokota kitambulisho chako ana moja.

Turudi kwetu, maana si haki kumaliza tukimnyoshea mteja kidole. Kampuni nyingi, na sisi tumo, zimekuwa zikiwafundisha wateja kuibiwa bila kujua. Asubuhi tunakutumia meseji: usibonyeze linki usiyoijua. Mchana tunakutumia nyingine: ofa ya wiki, bonyeza hapa, na linki yenyewe imefupishwa hata sisi hatuwezi kuitambua. Mteja atatofautisha vipi? Mkora wa Jumamosi ile hakubuni kitu kipya. Aliiga tabia yetu.

Sisi wa upande wa tovuti tumependekeza meseji zote za kampuni zitoke bila linki kabisa. Ziseme tu, “Fungua programu yako, utaona ofa.” Ofa ikae ndani, pale ambapo mteja ameingia mwenyewe. Wenzetu wa mauzo wanasema watu hawatafungua, biashara itapungua, na huenda kuna ukweli hapo kwa miezi ya kwanza. Tumeshabishana vikao viwili. Cha tatu ni Alhamisi, na fundi wetu ameombwa alete ile meseji ya shilingi 180 na ya kwetu ya wiki ile ile, aziweke kando kwa kando kwenye skrini, kisha awaulize ni ipi ya mwizi.