Daftari la Baiskeli Si Karatasi ya Karanga

Wenzangu mnaoota kuandika riwaya, leo nataka tugombane kidogo.

Nilipomaliza kidato cha nne, kibarua changu cha kwanza kilikuwa kushika daftari kwenye kibanda cha kukodisha baiskeli hapa Kongwa. Baiskeli 7, moja haina breki. Kila anayechukua naandika: namba ya baiskeli, saa aliyotoka, anakokwenda, saa aliyorudi, alicholipa. Aliyekuta zote zimetoka naye nilimwandika pembeni: "kakosa". Mwenye mali akanicheka. "We kijana, unaandika mpaka asiyelipa?" Daftari lilipojaa akampa mama muuza karanga. Nikaja kununua karanga zimefungwa kwenye mwandiko wangu mwenyewe!

Nikawasimulia washikaji wa kikundi chetu cha uandishi, nikidhani watasikitika. Wapi! Eti kuhesabu ni kazi ya makarani, mwandishi anahitaji moyo tu. Huo ni uvivu, na uvivu wa namna hiyo sisi wa Kongwa tunaujua vizuri. Mwaka 1946 ujumbe wa John Wakefield kutoka Uingereza ulizunguka Afrika Mashariki wiki 9 tu, mahali pengine ukitazama ardhi kutoka kwenye ndege, ukapendekeza mashamba makubwa ya karanga. Kongwa yakaanza 1947. Kumbukumbu za mvua zilikuwa haba; udongo nao waliujua ulipokauka na kuvunja majembe ya trekta. Januari 1951 mpango ukafutwa, na pauni kama milioni 36 zilikuwa zimeshapotea. Mzee yeyote wa Kigogo angewasimulia ukame. Nani alikaa kumwandika?

Sasa tazameni wenzetu. Paris ina baiskeli za kuazimana, Vélib', tangu 2007; London zilianza 2010; Kigali, hapa jirani, Guraride ilianza 2021. Katika miji kama Paris na London, kituo chenyewe kinarekodi baiskeli ipi imetoka, saa ngapi, imerudishwa wapi. Kwa hesabu hizo magari huzihamisha baiskeli kutoka vituo vilivyofurika kupeleka vilivyo vitupu. Safi kabisa, sibishi. Ila rekodi hiyo ni ya safari iliyofanyika. Aliyekuta kituo kitupu akaondoka kwa miguu hana safari, kwa hiyo hayumo. Asipokuwepo mtu wa kujiuliza habari zake, mkubwa atasoma karatasi aseme: pale hakuna wateja, punguzeni baiskeli.

Daftari langu lilikuwa naye. Kuna mwanafunzi mmoja alikosa mara 3 katika wiki moja, na kila mara alitaka kwenda zahanati kumpelekea mama yake chakula. Nyie mnaotafuta visa vya kuandika, mnavitafuta wapi?

Nimenunua daftari jingine kwa hela yangu. Baiskeli zimebaki 5, na mwenye mali anasema bodaboda ndio wamemnyang'anya wateja. Anasema tu. Mimi safu yangu ya "kakosa" wiki hii imefika mistari 11, na leo ni Alhamisi.