Shule Mpya Ipo, Wasichana Watalala Wapi?

Mji wetu umepata shule mpya ya sekondari ya serikali, nasi tunaipongeza bila kumung'unya maneno. Maabara za fizikia, kemia na baiolojia zimekamilika, maktaba ipo. Ni tunda la mradi wa SEQUIP, ambao mwaka 2020 uliidhinishiwa na Benki ya Dunia mkopo wa dola milioni 500, kwa ajili ya shule za kata pamoja na shule ya wasichana ya sayansi katika kila mkoa wa Tanzania Bara.

Wapo wanaotuuliza: seminari inahusikaje na shule ya serikali? Inahusika. Wanaoingia seminari ni wachache mno. Dada na kaka zao, na watoto wengi wa jumuiya zetu ndogondogo, wanakwenda huko. Tena historia inatufunga. Kufuatia Sheria ya Elimu ya mwaka 1969, shule nyingi za misioni zilitwaliwa na Serikali, ikiwamo Pugu alikofundisha Mwalimu Nyerere. Seminari zikaachwa mikononi mwa Kanisa. Tangu hapo baadhi yetu tumezoea kuiona shule ya serikali kama mali ya jirani.

Hofu yetu ni njia, si jengo. Shule imewekwa pembeni mwa mji, ndiko kulikopatikana eneo, na bweni halikuwamo katika ujenzi. Binti wa kijiji cha mbali ataamka saa kumi alfajiri, au atapangishiwa chumba mtaani, lile linaloitwa geto, ajipikie na kujilinda mwenyewe akiwa na miaka 14. Wazazi wanajua mambo ya geto yanavyoishia. Ni kweli, tangu Novemba 2021 msichana aliyejifungua anaruhusiwa kurudi darasani, na tulifurahi. Lakini kurudi ni kugumu kuliko kutotoka.

Ada ilifutwa hadi kidato cha nne mwaka 2016, na ya kidato cha tano na sita mwaka 2022. Wengine wamelielewa neno "bila malipo" kana kwamba hata ugali wa mchana utaletwa kutoka Dodoma. Hautaletwa. Mahindi na maharage yanahitaji kikao cha wazazi, na kikao kifanyike sasa, kabla mavuno hayajauzwa, siyo Januari mifuko ikiwa mitupu.

Kuhusu malazi tunasema wazi: parokia zetu zina nyumba wanamokaa popo. Zikarabatiwe, apatikane matroni, wasichana walale humo bila kuulizwa dhehebu wala dini. Bodi ya shule iwe na sauti katika uendeshaji, na mahesabu yasomwe mbele ya wazazi, maana hosteli zilizokufa kwa sababu ya fedha zisizojulikana zilikokwenda tumeziona. Kidato cha kwanza kinaanza Januari. Tukianza mwezi huu, nyumba ya kwanza inaweza kuezekwa kabla ya mvua za vuli.