Wanayosema Mudzipela kuhusu Idjwi

Hapa Mudzipela, mtaa wa Bunia, taja tu Idjwi, kile kisiwa cha Ziwa Kivu, utapata walimu kumi, na tisa kati yao hawajawahi kukanyaga kisiwa chenyewe. Nimewasikiliza vya kutosha.

“Maji ndiyo yaliyowalinda.” Hili ndilo linalorudiwa kuliko yote. Ni kweli kwamba kati ya 1996 na 2003, Kivu ilipokuwa ikiwaka pande zote, Idjwi haikugeuka uwanja wa mapigano. Lakini tangu lini maji yakamzuia mwenye mtumbwi? Mfalme Rwabugiri wa Rwanda aliyavuka akakiteka kisiwa, na utawala wake ukalegea tu alipokufa 1895. Wajerumani na Wabelgiji walikigombania hadi makubaliano ya 1910 yalipokiweka upande wa Kongo, na Septemba 1914 Wajerumani wakarudi kukichukua kwa silaha. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walitua huko kwa maelfu. Na sisi wa Ituri, si tuna ziwa letu? Tchomia iko ufukweni mwa Albert, na Mei 2003 watu waliuawa pale maji yakiwa mgongoni mwao. Kama kuna siri ya Idjwi, mimi ningeitafuta kwa wazee, kwa makanisa na kwa wami, wale watawala wa jadi, yaani kwa watu wanaokaa chini na kusuluhisha kabla panga halijachomolewa.

“Basi ni pepo ya dunia.” Taratibu, ndugu yangu. Kisiwa kina kilomita za mraba kama 300 hivi, na watu wamejaa hadi kwenye miteremko. Baba anagawa shamba kwa wanawe, nao wanagawa kwa wana wao, mpaka kinachobaki ni kipande cha kupanda maharage ya kula mwezi mmoja. Wambuti wako chini zaidi. Walitolewa msituni walikokuwa wakiishi, na wengi leo wanalima kibarua kwenye ardhi ya wenzao. Amani anayoisimulia mwenye shamba na ile anayoijua Mmbuti hazilingani.

“Wote ni Wahavu, damu moja.” Kihavu ndiyo lugha yao, sawa. Sheferi mbili, yaani tawala za kimila, Rubenga kaskazini na Ntambuka kusini, zinatawaliwa na watu wa nasaba moja, Basibula. Lakini koo zilivuka ziwa kutoka ng’ambo zote mbili, kila moja kwa wakati wake. Mwanahistoria David Newbury, katika kitabu chake cha 1991, Kings and Clans, alionyesha kwamba ufalme wenyewe ulijengeka kutokana na mchanganyiko huo wa wageni.

“Wanaishi kwa samaki.” Anayesema hivi amezoea soko la samaki la Kasenyi, kwenye Ziwa Albert. Kivu ni ziwa maskini wa aina za samaki. Hata sambaza, wanaovuliwa usiku kwa taa, waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Mtu wa Idjwi ni wa jembe: muhogo, ndizi, kahawa, na mananasi yanayopakiwa kwenye boti kwenda Goma na Bukavu. Kahawa ina hadithi chungu. Kwa miaka mingi hapakuwa na mnunuzi wa kueleweka upande wetu wa Kongo, kwa hiyo wanaume walipakia magunia usiku kwenye mitumbwi na kuyavusha kwa magendo hadi Rwanda. Upepo ukiinuka, mtumbwi uliojaa hauna msamaha. Kuna wajane kisiwani ambao waume zao walizama wakifuata bei. Baadaye wakulima walianza kuungana katika vyama vya ushirika, wakajenga vituo vya kuoshea kahawa hukohuko kisiwani.

“Ni volkano iliyochomoza majini.” Hapana. Volkano ni Nyiragongo na Nyamulagira, huko kaskazini, na miamba ya Idjwi ni ya kale kuzishinda kwa mbali sana. Mambo yalikwenda kinyume: lava za safu ya volkano za Virunga ziliziba njia ya mito iliyokuwa ikielekea kaskazini, maji yakapanda mabondeni, na mgongo wa mlima ukabaki juu, ukichungulia.